Tawasifu: Kwa nini mnyonge wa Pwani hana budi kusimulia maisha yake

NGOMENI ni kijiji cha wavuvi kilichoko kaskazini mwa mji wa Malindi, ng'ambo ya Mto Sabaki, katika Kaunti ya Kilifi. Ulimwengu unakijua kwa mambo mawili. La kwanza ni roketi. Mnamo Desemba 12, 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru wake, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, lililojengwa na Waitaliano baharini karibu na kijiji hicho. Setilaiti hiyo ilipewa jina la Uhuru, nayo ilikuwa ya kwanza kutumwa angani mahsusi kuchunguza miale ya eksirei itokayo kwenye nyota. La pili ni chumvi, ambayo huvunwa katika mabwawa yaliyotanda kwenye ukanda huo, kupitia Gongoni hadi Marereni.

Habari za roketi zimeandikwa na wanasayansi katika majarida na vitabu. Habari za chumvi zimo katika hesabu za makampuni na faili za ofisi za ardhi. Lakini habari za mvuvi aliyesimama ufuoni siku ile akiitazama roketi ikipaa, yaani alikotoka babu yake, kisima alichochota maji, shamba alilolima na jinsi alivyolipoteza, zimo kichwani mwake tu. Siku atakapozikwa, zitazikwa pamoja naye.

Pengo hilo ndilo kiini cha makala haya. Wataalamu wa fasihi huita tawasifu yale masimulizi ambayo mtu huyatunga kuhusu maisha yake mwenyewe. Wengi wetu tumezoea kudhani kuwa tawasifu ni kazi ya marais wastaafu na matajiri wanaotaka kujipamba uzeeni. Hata hivyo, ukiichunguza historia ya maandishi ya Kiswahili katika upwa huu, utaona kwamba nyingi kati ya kazi zinazoendelea kusomwa zilitungwa na watu waliokuwa taabani: mgonjwa kitandani, mfiwa mwenye watoto wadogo, mfungwa wa kisiasa, mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru. Waliyasimulia maisha yao kwa sababu wangenyamaza, wangekuwa wamewaachia wengine kazi ya kusema wao ni nani.

TAWASIFU NI NINI HASA?

Ni vyema kwanza tutofautishe istilahi zinazokaribiana. Wasifu ni maisha ya mtu yanayosimuliwa na mtu mwingine. Shajara ni maandishi ya siku kwa siku, ambayo mwandishi wake hajui kesho italeta nini. Kumbukumbu hushughulikia kipindi au tukio moja, kwa mfano miaka ya vita. Tawasifu huyatazama maisha kwa upana wake, na msimulizi wake ni yule yule anayesimuliwa. Wala tusiichanganye na wasifukazi, zile kurasa mbili ambazo kijana huambatanisha na barua ya kuomba ajira.

Tawasifu ina sifa tatu za msingi. Ya kwanza ni hiyo ya nafsi: anayesema 'mimi' ndiye aliyeyapitia mambo, naye huchukua dhamana ya ukweli wake. Ya pili ni uteuzi. Hakuna awezaye kusimulia kila siku aliyoishi, kwa hivyo msimulizi huchagua, na katika kuchagua huko hutuonyesha anachokithamini na anachokionea haya. Ya tatu ni tofauti ya wakati. Anayesimulia ni mtu mzima anayejua mambo yaliishia wapi. Anayesimuliwa ni kijana au mtoto ambaye hakujua.

Sifa hii ya tatu ndiyo inayotusaidia kueleza kwa nini tawasifu huwa nguzo wakati wa shida. Mtu aliyezama katika dhiki haoni mwanzo wala mwisho wake. Siku zote hufanana. Anapoketi kuisimulia dhiki hiyo, hulazimika kuipa mwanzo, kati na hatima. Hulazimika kusema nani alitenda nini, na yeye mwenyewe aliitika vipi. Kwa kufanya hivyo huacha kuwa kitu kilichotendwa tu, akawa mtu aliyeona, aliyepima na aliyeamua. Njaa haipungui kwa kusimuliwa, na mlango wa gereza haufunguki. Kinachookolewa ni hadhi ya mtu, na asiye na kingine hujua thamani ya hilo.

MAMA WA PATE NA BINTI YAKE

Tuanzie kaskazini mwa Ngomeni, katika visiwa vya Lamu. Mnamo mwaka 1858 hivi, Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mgonjwa na alihisi kuwa hatapona. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyewahi kupambana na majeshi ya Sultani wa Zanzibar, alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mwana Kupona alikuwa na binti, Mwana Hashima, ambaye angebaki bila mama. Alichomwachia ni utenzi.

Wahakiki huuhesabu utenzi huo kuwa wa mawaidha, na ndivyo ulivyo. Unamfunza binti dini, adabu na mwenendo wa ndoa, na wasomaji wa siku hizi wanabishana vikali juu ya mafunzo hayo. Lakini tukiusoma kwa makini, tunamwona ndani yake mtu halisi anayejieleza. Anautaja ugonjwa wake, anakumbuka maisha yake na marehemu mumewe, na kuelekea mwisho anajitaja kwa jina lake, jina la baba yake na Pate alikozaliwa, kisha anaweka mwaka wa utungo kwa hesabu ya Kiislamu.

Hilo la kujitaja si dogo. Ilikuwa ada ya watunzi wa tenzi kutia jina na tarehe mwishoni, mfano wa mtu anayetia sahihi katika hati. Mwanamke wa karne ya 19 ambaye jina lake lingeweza kutajwa tu kama mke wa fulani au mama wa fulani alitia sahihi yake mwenyewe. Zaidi ya miaka 160 baadaye, mumewe aliyekuwa mtawala anakumbukwa na wengi kwa sababu alimwoa mtunzi huyo.

SAUTI YA BWANA, KIMYA CHA MTUMWA

Kama utenzi ulimpa Mwana Kupona nafasi ya kusema machache kujihusu, nathari ilikuja kutoa nafasi pana zaidi. Kazi inayotajwa mara nyingi kuwa tawasifu ya kwanza ya nathari katika Kiswahili ni ile ya Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, iliyochapishwa Ujerumani mwaka 1902 na 1903 kwa juhudi za Heinrich Brode. Tippu Tip alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu na watumwa, ambaye misafara yake ilifika Kongo. Anasimulia vita, njia, bei na mikataba kwa Kiswahili safi na kwa utulivu wa mtu anayesoma daftari la duka.

Thamani ya kitabu hicho kwa wanahistoria haina shaka. Hata hivyo, msomaji atatafuta bila mafanikio sauti ya wale waliobebeshwa pembe hizo. Wametajwa kama idadi. Hatari ya historia inayoandikwa na mwenye nguvu peke yake ndiyo hiyo: hata asipokusudia kudanganya, macho yake huona kile tu kinachomhusu.

Suala hili linaigusa Malindi moja kwa moja. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, mashamba ya nafaka yaliyoizunguka Malindi na Mambrui yalilimwa na watumwa. Waliotoroka waliunda makazi yao wenyewe, mathalani Fuladoyo, katika bara ya Kilifi. Watu hao walikuwa na ushujaa wa kutosha kujaza maktaba, lakini tunachokijua juu yao kimetokana zaidi na barua za wamishonari na ripoti za maofisa.

Baadhi ya mapengo hayo yalizibwa baadaye. James Juma Mbotela, aliyetoka katika jamii ya watumwa walioachwa huru na kuwekwa Freretown, Mombasa, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1875, alichapisha kitabu Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, ambamo alisimulia kutekwa na kuokolewa kwa wazee wa jamii yake. Wahakiki wamemlaumu kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi. Lawama hiyo ina msingi, ila haiondoi ukweli kwamba huyu alikuwa mtoto wa waliotekwa akishika kalamu, akiandika kwa Kiswahili habari za watu wake.

Kazi nyingine muhimu ni Wanawake Watatu wa Kiswahili, iliyokusanywa na Sarah Mirza na Margaret Strobel na kutolewa kwa Kiingereza mwaka 1989, kisha kwa Kiswahili mwaka 1991. Humo wanawake watatu wa Mombasa, Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, wanasimulia maisha yao kwa vinywa vyao. Bi Kaje anatoka katika ukoo wa wenyeji waliomiliki watumwa. Mishi ana asili ya utumwa. Wote wawili waliishi katika mji mmoja, wakaswali dini moja na kuhudhuria harusi zile zile, lakini mji wanaousimulia si mmoja. Hakuna mwanahistoria ambaye angeweza kutuonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko wao wenyewe. Fauka ya hayo, hawakuandika hata ukurasa mmoja. Walizungumza, mtu akarekodi na kunakili. Tawasifu haimtaki mtu awe msomi. Inamtaka awe na msikilizaji mwaminifu.

SHAABAN ROBERT NA MAJARIBU YA MWAJIRIWA

Mwandishi aliyeipa tawasifu ya Kiswahili heshima yake ya kifasihi ni Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962. Kitabu chake Maisha Yangu kilitoka mwaka 1949, na baadaye kikaunganishwa na sehemu ya pili, Baada ya Miaka Hamsini.

Wanafunzi wengi husoma kitabu hicho wakitafuta falsafa, wakasahau kwamba mwandishi alikuwa karani wa ngazi ya chini katika serikali ya kikoloni, aliyehamishwa kutoka kituo kimoja hadi kingine kwa amri za wengine. Alifiwa na mkewe Amina, akaachwa na watoto wa kulea. Akiwa katika hali hiyo aliwatungia tenzi mbili za wosia, mmoja kwa ajili ya bintiye na mwingine kwa mwanawe, akazitia ndani ya kitabu cha maisha yake. Alichokifanya karani huyu wa Tanga ndicho alichokifanya mama wa Pate takriban karne moja kabla yake: mzazi aliyeguswa na kifo anawaachia watoto nafsi yake kwa maandishi.

Kuhusu utambulisho, Shaaban Robert alikuwa na asili ya Wayao, akazaliwa pwani, akawa Mwislamu mwenye jina la pili la kizungu. Katika mfumo wa kikoloni uliotaka kila Mwafrika awe na kisanduku chake cha kabila, mtu wa aina hiyo alikuwa fumbo. Yeye alijibu kwa lugha. Alijitambulisha kwa Kiswahili na kwa kazi aliyoifanya nacho, na hakuna leo anayeuliza kama alistahili.

Ni yeye pia aliyeandika Wasifu wa Siti binti Saad, maisha ya mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyetoka katika familia duni ya shamba na ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Siti alifariki mwaka 1950. Kama mwandishi huyo asingemwendea akiwa hai, tungebaki na santuri na uvumi.

KALAMU GEREZANI

Kutoka kwa mfiwa twende kwa mfungwa. Mnamo mwaka 1969, Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa mwenye umri wa miaka 22 hivi, alifungwa kwa uchochezi kutokana na kijikaratasi kilichouliza Kenya inaelekea wapi chini ya chama tawala cha KANU. Alikaa gerezani miaka mitatu, sehemu kubwa akiwa ametengwa na wafungwa wengine, katika magereza ya Shimo la Tewa na Kamiti. Hakuruhusiwa kuandika. Mashairi yake aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za msalani, nayo yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata kitabu hicho kikapata tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Rais Jomo Kenyatta, ambaye serikali yake ndiyo iliyokuwa imemfunga mtunzi.

Mashairi si tawasifu kwa maana kali ya istilahi hiyo. Lakini diwani hiyo, ikisomwa kwa mfululizo, ni habari ya mtu mmoja ndani ya chumba kimoja, akijihoji kama arudi nyuma au asimame pale pale. Tena ameiandika kwa Kimvita, lahaja ya kwao. Serikali ilikuwa imempa nambari ya mfungwa; yeye aliendelea kusema kama mtu wa Mombasa. Kwa wasomaji wa Pwani, ambako gereza la Shimo la Tewa liko, habari hii si ya mbali.

Abdilatif hakuwa peke yake. Josiah Mwangi Kariuki, aliyezuiliwa katika kambi za wakoloni kuanzia mwaka 1953 hadi 1960, alitoa kitabu chake kuhusu kizuizi hicho mwaka 1963, na baadaye kikapatikana pia kwa Kiswahili. Nchini Marekani, Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani, alichapisha tawasifu yake mwaka 1845 kwa sababu watu waliosikia ufasaha wake jukwaani walikataa kuamini kwamba aliwahi kuwa mtumwa. Aliandika majina ya mabwana zake na mahali alikoishi, ingawa kwa kufanya hivyo alijiweka katika hatari ya kukamatwa na kurudishwa. Kwake yeye tawasifu ilikuwa ushahidi. Na hapo ndipo tunaporejea Ngomeni.

MAISHA YANAPOGEUKA USHAHIDI

Mkazi wa ukanda wa kaskazini mwa Sabaki amekuwa akiulizwa swali moja kwa zaidi ya karne: wewe ni nani, na ulifika hapa lini? Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi ya Pwani wayawasilishe na kuyathibitisha mbele ya ofisa wa serikali. Ardhi ambayo haikuthibitishwa kuwa ya mtu ikahesabiwa kuwa ya serikali ya kikoloni. Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo, walijikuta nje ya utaratibu huo. Mwaka 1914 Wagiriama waliokuwa wakilima kaskazini mwa mto waliamriwa kuhama kwa nguvu. Mekatilili wa Menza, aliyeongoza upinzani, alikuwa amekamatwa mwaka 1913 na kupelekwa Kisii. Leo jina lake linatajwa kila mahali, lakini maneno yake mengi tuliyo nayo yalipitia kalamu za wale wale waliomkamata.

Kisha vita vya mashifta vya mwaka 1963 hadi 1967 viliwang'oa Wabajuni wengi katika vijiji vyao vya bara ya Lamu, wakatafuta hifadhi kusini. Wakaja pia wavuvi wenye asili ya Pemba, ambao waliishi Kilifi na Kwale kwa vizazi kadhaa bila uraia. Mvuvi asiye na kitambulisho hawezi kupata leseni ya uvuvi wala kufungua akaunti ya benki. Serikali iliwatambua Wapemba kuwa Wakenya mwaka 2023 tu. Hadi siku hiyo walilazimika kueleza tena na tena, mbele ya maofisa, mabunge na mashirika, babu alikuja lini, alioa wapi, na watoto walizikwa makaburi yapi. Walikuwa wakitunga tawasifu ya jamii nzima bila kuiita hivyo.

Vivyo hivyo, mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilifanya uchunguzi wa hadhara kuhusu malalamiko ya wakazi wa Magarini dhidi ya shughuli za chumvi, na ripoti yake ikatolewa mwaka 2006. Wakazi walijitokeza kueleza kuhamishwa, kuzibwa kwa njia za kwenda baharini na maji ya visima kuingia chumvi. Na Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kutoa ripoti yake mwaka 2013, ilipokea taarifa zaidi ya 40,000 kutoka kwa wananchi kote nchini. Huo ni mkusanyo mkubwa wa masimulizi ya maisha ambao pengine haujawahi kulinganishwa na mwingine katika nchi yetu. Wakenya wangapi wamesoma hata moja?

Hapa nina ungamo la kikazi. Nimeketi kwenye meza ya uhariri kwa zaidi ya miaka ishirini. Miaka ya nyuma ililetwa mezani habari ndefu ya mzee mmoja wa Pwani aliyekuwa na mzozo wa ardhi. Alianza na jina la babu yake, akataja mbuyu, akataja kisima na nani alikichimba, akataja watoto wawili waliozaliwa karibu na kisima hicho na mmoja aliyezikwa hapo. Ilikuwa usiku, nafasi ilikuwa finyu. Nilikata yote hayo nikaacha aya tatu: mzee adai ardhi, maofisa wakanusha, kesi yaendelea. Nilijiona nimefanya kazi yangu vyema.

Ilinichukua miaka kuelewa nilichokifuta. Mzee yule hakuwa akizungukazunguka kabla ya kufikia hoja. Mbuyu, kisima na kaburi ndizo zilizokuwa hoja. Mtu asiye na hati ya ardhi hana ushahidi mwingine isipokuwa maisha yake, nami nilimnyang'anya ushahidi huo nikambakishia madai matupu.

MIPAKA YA TAWASIFU

Haifai kuifanya tawasifu kuwa dawa ya kila maradhi. Kwanza, kumbukumbu husahau na hupamba. Msimulizi huweza kuongeza ushujaa wake na kupunguza makosa yake, kama alivyoweza Tippu Tip. Kwa sababu hiyo, simulizi moja hulinganishwa na nyingine, na zote na nyaraka.

Pili, kusimulia huumiza. Mwanamke aliyedhulumiwa mwilini au mtoto aliyeshuhudia mauaji hapaswi kulazimishwa kusema ili wengine wapate kitabu au ripoti. Ana haki ya kunyamaza, na akisema ana haki ya kuchagua kipi kichapishwe.

Tatu, simulizi likishatoka huweza kuporwa. Watafiti wengi wamefika vijijini na vinasa sauti, wakaondoka, na waliosimulia hawakuliona tena neno lao. Anayerekodi ana wajibu wa kurudisha nakala, kwa lugha ya msimulizi, na kumuuliza kama ndivyo alivyosema.

PA KUANZIA

Mtu anayetaka kuhifadhi maisha ya mzazi au babu yake hahitaji mchapishaji. Anahitaji daftari, au simu inayoweza kurekodi sauti, na subira. Asianze na swali la tarehe, kwa sababu wazee wengi hawakuishi kwa kalenda ya ukutani. Aulize: ulipoolewa, ni kabla au baada ya setilaiti ya kwanza kurushwa Ngomeni? Jibu hilo litampeleka mwaka 1967. Aulize maji yalichotwa wapi, nani alikuwa jirani wa kaskazini na wa kusini, samaki gani walipatikana na sasa hawapatikani. Aandike maneno kama yalivyosemwa, kwa Kigiriama, Kibajuni au Kiswahili cha mtaani, bila kuyasafisha. Aweke jina la msimulizi, jina la mahali na tarehe ya mazungumzo, kama ilivyokuwa ada ya watunzi wa tenzi.

Miongoni mwa familia nyingi za Kenya, maisha ya mtu huandikwa mara moja tu, usiku wa kuamkia mazishi. Watoto hukusanyika kuandika wasifu wa marehemu, wakakwama katika mstari wa kwanza kwa kuwa hakuna anayejua alizaliwa wapi. Hapo ndipo hutazamana. Aliyekuwa na jibu amelala kwenye chumba cha pili, na jana yake tu walikuwa wakimwambia apumzike, asijichoshe kwa maneno.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Mzee wa Ngomeni hajaiacha asili yake. Anaisimulia kila jioni chini ya mwembe kwa yeyote anayeketi. Anachosubiri ni mtu wa kuketi.